Watoto Wanatoka, Wakubwa Wanaingia: Mjadala wa Dojo

Januari, darasa la karate la watoto katika dojo (kumbi za mazoezi) nyingi za Dar es Salaam hujaa hadi mlangoni. Nguo nyeupe bado zina mikunjo ya dukani, mikono imezidi kwa sababu mzazi kanunua saizi ya kukulia, na mkanda umefungwa kama kamba ya kiatu. Likizo ya Juni ikishapita, safu imepungua. Ifikapo Septemba, mwezi wa mtihani wa darasa la saba, wamebaki wachache, na mara nyingi mmoja wao ni mtoto wa mwalimu mwenyewe. Lakini saa 1 usiku ukumbi uleule hujaa tena: karani wa benki, fundi simu, muuguzi aliyetoka zamu, mwanamume wa miaka hamsini na ushee aliyeambiwa na daktari kwamba sukari yake imepanda. Hawa hakuna aliyewashika mkono kuwaleta.

Kwa nini iwe hivyo? Wazazi wanaosubiri nje ya kumbi hizo hulizungumza sana jambo hili, na kila mmoja ana jibu lake. Mjadala unaofuata umewekwa vinywani mwa watu wanne wasio na majina, kwa kuwa hoja zao ni za wengi. Kuna Mwalimu, mwenye mkanda mweusi na miaka mingi ya kufundisha. Kuna Mama, ambaye mwanawe wa miaka 11 ameacha muhula uliopita. Kuna Kijana wa miaka 22, aliyeanza karate akiwa na miaka 7 na kuacha akiwa na 12. Na kuna Muuguzi wa miaka 43, ambaye alivaa mkanda mweupe kwa mara ya kwanza akiwa ameshapita 40.

"Watoto hawaachi, wanaachishwa," anaanza Mwalimu, na sauti yake ina uchungu wa mtu aliyeagana na wanafunzi wengi. "Mzazi anakuja hapa ananiambia, sensei, huyu amenishinda, ninyooshee. Hajauliza karate ni nini. Hajakaa atazame darasa hata moja. Baada ya miezi sita mtoto amenyooka kidogo, anaamkia wakubwa, anatandika kitanda. Mzazi anaona kazi imekwisha, anamtoa. Asiponyooka anamtoa vilevile, anasema karate haina faida. Mimi nabaki na jina kwenye daftari."

Mama amemsikiliza mpaka mwisho. "Shikamoo kwanza, Mwalimu, maana hatujasalimiana vizuri."

"Marahaba, mama."

"Sasa nakuomba uhesabu na mimi siku ya mwanangu. Saa 11 alfajiri yuko macho, basi la shule linapita saa 12 kasoro. Saa 10 jioni anashushwa. Kuna twisheni. Kuna kazi za nyumbani ambazo hata mimi zinanitoa jasho. Jumamosi na Jumapili asubuhi yuko madrasa. Mwaka juzi alikuwa darasa la nne, mtihani wa taifa. Mwakani la saba, mtihani wa taifa. Wewe unamtaka Jumanne na Alhamisi saa 11 jioni, na foleni unaijua. Kitu kimoja kilikuwa lazima kitoke. Sikuweza kutoa madrasa, na sikuweza kutoa hesabu."

Hapo Mama anasema kweli ambayo walimu wengi wa michezo hawapendi kuisikia: mtoto wa mjini ana ratiba ngumu kuliko ya mfanyakazi wa ofisini, ila yeye hana likizo ya kuomba.

Muuguzi anaingilia. "Mimi sikatai, dada. Lakini tazama kinachoingia pale karate inapotoka. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti kutoka nchi 146. Vijana 81 katika kila 100 wa miaka 11 hadi 17 wanaosoma shule hawafikishi ile saa moja ya kuushughulisha mwili kila siku inayoshauriwa. Wasichana wako nyuma zaidi. Tukimtoa mtoto dojo, mara chache tunamrudisha kwenye chandimu ya mtaani, kwa sababu uwanja umeshajengwa nyumba. Tunamrudisha kwenye kiti."

"Basi niambieni kwa nini hakulia nilipomtoa," Mama anajibu. "Alifurahi. Hilo ndilo lililoniuma."

Anayeweza kulijibu hilo ni Kijana, na analijibu taratibu, akimtazama Mwalimu kwa adabu. "Samahani, Sensei, sisemi juu yako, dojo yangu ilikuwa kwingine. Mimi nilianza kwa mapenzi. Jumamosi tulikuwa tunatandika magodoro ya zamani tunafundishwa kuanguka. Unakunja kidevu kifuani, unazungusha mgongo, mkono unapiga godoro kabla bega halijafika, na ghafla uko chini na hakuna kinachouma. Nilikuwa naanguka nyumbani, naanguka shuleni, kwenye nyasi, kwenye kochi. Halafu ukaja mtihani wa mkanda, na kwenye mtihani hakukuwa na kuanguka. Magodoro yakaondolewa. Mwaka mzima tukafanya kata moja."

Kata, kwa asiyejua, ni mfuatano wa mapigo, vizuizi na miondoko unaofanywa kwa mpangilio usiobadilika, kama vile umezungukwa na maadui wasioonekana. Kijana anaeleza walivyoifanya: safu nne, wadogo nyuma, mwalimu akisahihisha wakubwa mbele huku wa nyuma wamekaa mkao wa farasi, magoti yamekunjwa, mapaja yanatetemeka, hadi wakubwa wamalize. Aliyechelewa alipigishwa kichurachura kuuzunguka ukumbi, hata kama kilichochelewa ni daladala. "Nikafika miaka 12, nikapangwa kupigana na kaka wa miaka 16. Akanitoa damu puani. Haikuwa kubwa. Lakini hakuna aliyeniuliza kitu, tuliambiwa tuendelee. Jumanne iliyofuata nikasema naumwa tumbo. Nikaumwa tumbo mpaka baba akachoka kuuliza."

Mwalimu anavuta pumzi. "Kurudia ndiyo karate yenyewe," anasema. "Waliotufundisha sisi walikuwa wanafunzi wa Nantambu Camara Bomani, yule Mmarekani mweusi aliyefundisha Goju-ryu hapa Dar es Salaam miaka ya 1970, katika dojo ya Zanaki. Walituambia pigo lisilorudiwa mara elfu halipo siku unayolihitaji. Hatukupewa michezo ya kutufurahisha. Mtoto asiyezoea kuchoka na kuchoshwa atajifunza lini jambo gumu?"

Hoja hii ina uzito wake, na ina historia. Karate haikuzaliwa kuwa somo la watoto. Huko Okinawa ilifundishwa kwa siri au kwa watu wachache, mwalimu na mwanafunzi mmoja au wawili, mpaka Anko Itosu alipoiingiza katika shule ya msingi mjini Shuri mwaka 1901. Itosu aliona kata za zamani ni ndefu na nzito mno kwa watoto, akatunga tano fupi, zile zinazoitwa Pinan, ambazo baadaye Gichin Funakoshi alizipa jina la Heian na ambazo watoto wa Ilala na wa Eastleigh wanazifanya hadi leo. Kwa hiyo mtu wa kwanza kupanga darasa kubwa la watoto la karate alielewa jambo analolisema Kijana: mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo.

Lakini mwaka 1908 Itosu huyohuyo aliiandikia serikali ya jimbo barua ya mambo kumi, na mojawapo ya sababu alizotoa ni kwamba watoto wakifundishwa tangu shule ya msingi watafaa jeshini. Mafunzo ya mtoto tangu mwanzo yalibebeshwa haja ya mtu mwingine. Kwa Itosu ilikuwa jeshi. Kwa mzazi wa leo ni nidhamu, ni kumwondoa mtoto kwenye simu, ni hofu ya wale wanaomwonea shuleni. Haja hizo si mbaya hata moja, ila zote ni za mzazi.

"Na mkanda?" anauliza Mama. "Maana mwanangu alikuwa anajituma sana wiki mbili kabla ya mtihani. Akishapata rangi, analegea."

Swali la rangi ni kubwa kuliko linavyoonekana. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alitumia mkanda mweusi kuwatenga waliofuzu na wanaojifunza. Msururu wa rangi nyingi tunaoujua ulishamiri Ulaya, na anayetajwa zaidi kwa kuueneza ni Mikinosuke Kawaishi, aliyefundisha judo Paris kuanzia miaka ya 1930. Aliona wanafunzi wake wa Kizungu wanahitaji kuona hatua zao, la sivyo wanakata tamaa. Rangi zilitungwa, basi, kumzuia mtu mzima asiondoke. Baadaye zikashushwa kwa watoto, zikaongezwa michirizi na nusu rangi, na kila hatua ikawa na mtihani na ada yake.

Namna zawadi inavyoweza kulegeza hamu ya mtoto imechunguzwa. Mwaka 1973 watafiti watatu, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilofanya katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto waliopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe likichora. Kundi la pili lilichora, kisha likapewa cheti bila kutarajia. La tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani bila ahadi yoyote. Wale waliokuwa wameahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Kuchora kulikuwa kumegeuka kazi ya kulipwa, na siku hiyo hapakuwa na malipo.

"Hiyo ni kalamu," Mwalimu anasema. "Mimi nikiondoa mikanda kesho, darasa la watoto linakufa Ijumaa."

"Linakufa kwa sababu wazazi wataondoka, si watoto," Kijana anajibu.

Yapo mashirika yaliyojaribu kulitatua tatizo hili la mikanda ya watoto. Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo huko Seoul, humpa aliye chini ya miaka 15 daraja liitwalo poom, lenye mkanda wa nyekundu na nyeusi, badala ya mkanda mweusi wa watu wazima. Katika jujitsu ya Brazili, kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huo hazimruhusu mtu kuvaa mkanda mweusi kabla ya miaka 19. Baada ya mkanda mweupe, watoto wana rangi zao wenyewe, tofauti na za wakubwa. Ni utaratibu wenye busara, kwa sababu unamwambia mtoto wa miaka 10 ukweli: hujamaliza, na hukutakiwa uwe umemaliza.

Muuguzi amekuwa akisubiri zamu yake. "Mimi naupenda mkanda wangu, nisiseme uongo. Lakini sikuufuata huo. Mgongo ulikuwa unaniuma kwa kuinua wagonjwa, na zamu ya usiku ikiisha natembea peke yangu mpaka kituoni. Nilitaka kujua kusimama. Siku ya kwanza Sensei alinisukuma bega kwa vidole viwili nikayumba. Akanisogezea mguu wa nyuma kidogo tu, akaniambia nishushe nyonga, akanisukuma tena. Sikutikisika. Nilirudi nyumbani naendelea kujisukuma mwenyewe ukutani. Nina miaka 43, hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kusimama."

Katika sanaa hizi, kuchelewa kuanza si ajabu. Kano mwenyewe, mdogo wa mwili na aliyeonewa sana shuleni, alimpata mwalimu wake wa kwanza wa jujutsu mwaka 1877, tayari akiwa kijana, na aliingia kwa hiari yake. Mwalimu huyo, Hachinosuke Fukuda, alikuwa na mjukuu aliyezaliwa mwaka 1913 baada ya yeye kufariki, Keiko. Keiko Fukuda alilelewa kama mabinti wa nyumba bora za Tokyo, kwa kupanga maua na kuandaa chai, na alikanyaga mkeka wa judo mwaka 1935, karibu na miaka 22, baada ya Kano kumwalika binafsi. Kimo chake kilikuwa kama sentimita 150. Alipofika dani ya tano, yaani daraja la tano la mkanda mweusi, alizuiwa hapo kwa karibu miaka 20, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kupanda zaidi. Ya sita ilikuja mwaka 1972. Mwaka 2011, akiwa na miaka 98 na akiishi San Francisco, chama cha judo cha Marekani kilimpa dani ya kumi. Alifariki mwaka 2013. Mtu anaweza kukaa karibu miaka 20 bila kupandishwa hatua na asiache, ikiwa anachokifuata kiko mikononi mwake.

Na hapa Afrika Mashariki mfano uko karibu zaidi. Korogocho, Nairobi, kina shosho (mabibi), wakiwemo waliopita miaka 80, wamekuwa wakikutana kila wiki kujifunza kujilinda, kwa sababu wabakaji waliwalenga wazee wanaoishi peke yao. Wanafundishwa kupiga kelele kwanza, kisha pua, kidevu, sehemu za siri. Ada na rangi za mkanda hazina nafasi pale; kila mmoja anajua kwa jina jirani aliyeshambuliwa.

"Sasa dada, nikuulize," Mwalimu anamgeukia Muuguzi. "Wale ulioanza nao Februari wako wapi?"

Muuguzi anafikiri. "Wengi wameondoka."

"Wameondoka! Goti, kazi, msiba kijijini, aibu ya kuangushwa na binti wa miaka 19. Watu wazima huacha sana, tena haraka, na huaga kwa ujumbe wa simu au wasiage kabisa. Ila mtu mzima akiacha tunasema ametingwa. Mtoto akiacha tunasema ni mvivu, hana msimamo, anapoteza pesa ya baba yake."

Mwalimu amelisema hilo kumtetea mtoto, pengine bila kukusudia, na hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Mtu mzima anaingia, anatoka, anarudi baada ya miaka miwili na kukaribishwa kwa makofi. Mtoto hupewa nafasi moja. Akitoka, nguo anapewa mdogo wake, mzazi anamkumbusha gharama kila anapoomba kitu kingine, na dojo inakuwa mahali pa aibu anapopita upande wa pili wa barabara. Kuacha kwa mtoto wa miaka 11 ni jambo la kawaida. Anaonja mambo mengi, kama anavyopaswa. Ubaya ni mlango unaofungwa nyuma yake.

Mama hajaridhika. "Kwa hiyo nimwache aache kila anapochoka? Wiki hii karate, wiki ijayo kuogelea?"

"Amalize walau mkanda mmoja," anasema Mwalimu.

"Amalize muhula," anasema Muuguzi. "Ajue mapema mwisho wake ni lini, na siku hiyo aulizwe kweli, jibu lake likubaliwe."

Upo ushahidi unaoipa nguvu hoja ya Muuguzi, nao unatoka Nairobi. Katika mitaa duni ya jiji hilo wasichana wa sekondari walifundishwa kujilinda kwa maneno na kwa mwili katika vipindi sita vya saa mbili mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la afya ya vijana, ukiongozwa na Jake Sinclair, uliripoti kwamba kabla ya mafunzo asilimia 24.6 ya wasichana walisema wameshambuliwa kingono katika mwaka uliotangulia. Baada ya mafunzo idadi ilishuka hadi asilimia 9.2, na zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema wametumia walichojifunza kuzuia shambulio. Mafunzo ya msingi yalidumu wiki sita. Hakuna anayewaita wasichana hao watoro wa mafunzo. Walipewa kitu chenye mwanzo na mwisho, walichokihitaji, wakaondoka nacho.

"Lakini hiyo si karate," Mwalimu anasisitiza, na ana haki. "Hiyo ni kujilinda. Karate ni ya maisha."

"Basi iwe ya maisha," anasema Kijana. "Maana yake nina haki ya kuirudia. Nimekuwa nikitaka kuuliza tangu tulipoketi: nikija Alhamisi, nivae mkanda gani? Niliishia kijani."

Mama anasema avae wa kijani, kwa kuwa baba yake aliulipia. Muuguzi anasema mweupe, kwa kuwa ukiwa na mweupe hakuna anayekudai kitu na unaweza kuuliza swali lolote. Mwalimu anakuna kidevu. Dojo nyingine humrudisha mtu mwanzo, anaeleza, na nyingine humwachia alichokipata.

"Wewe utavaa mweupe kwa miezi mitatu," anaamua. "Kisha nitatazama mkao wako."

"Na mwanangu?" anauliza Mama. "Akitaka kurudi Januari?"

"Yeye aje na rangi yake."

"Kwa nini yeye aachiwe?" Kijana anahoji.

"Kwa sababu ana miaka 11, na nikimsimamisha nyuma ya wadogo zake hatarudi mara ya pili. Jumamosi saa 4 asubuhi. Nitatafuta na magodoro."

"Jumamosi madrasa inaisha saa 6," anasema Mama.

Mwalimu anafungua daftari la ratiba ya ukumbi. Saa 8 mchana kuna kwaya, inayolipa ukumbi kwa mwaka mzima. Saa 10 kuna kikoba. Anaweka kidole kwenye nafasi iliyo kati ya hizo mbili na kumuuliza Mama kama nusu saa ingetosha kuanzia.